Duisburg haina bahari, sasa kwa nini ni bandari? Na ile tozo ya maji kwenye invoisi yako

Swali lililonifikia ni hili, nimelifupisha kidogo tu: "Shikamoo mtaalamu. Mimi naagiza spea za malori kutoka Ujerumani kuja Dar. Mzigo wa safari hii umeandikwa umepakiwa Duisburg, na kwenye invoisi kuna tozo inaitwa Kleinwasserzuschlag, wakala anasema ni ya maji kupungua. Nimeangalia ramani, huo mji uko mbali kabisa na bahari, halafu mtandaoni wanasema ni bandari kubwa ya ndani kuliko zote duniani na hapo hapo wengine wanasema viwanda vyake vinafungwa, mji unakufa. Naomba unieleweshe, ni mji gani huu na hiyo hela nalipa ya nini?"

Marahaba ndugu yangu. Umeniuliza kuhusu mji ninaokaa mwaka wa 19 sasa na kazi yangu ni hiyo hiyo ya mizigo ya mtoni, kwa hiyo unisamehe nitajibu kirefu. Wakala wako hajakudanganya. Kleinwasser maana yake maji madogo, Zuschlag ni nyongeza. Kontena lako halikutoka Duisburg kwa lori, lilipakiwa kwenye tishari likashuka na mto Rhine mpaka Rotterdam au Antwerp ndo likapanda meli kubwa. Mto ukipungua, tishari haliwezi kubeba mzigo wake wote, maana likijaa litagusa chini, kwa hiyo gharama ile ile ya mafuta na mabaharia inagawanywa kwa makontena machache na kila mwenye kontena anaongezewa. Ukitaka kujua kwa nini mji mzima unaishi kwa kuangalia mto umepanda au umeshuka, inabidi turudi nyuma.

Kwanza ujue jiografia yake, kwa sababu ndo siri yenyewe. Duisburg iko pale mto Ruhr unapoingia kwenye Rhine. Mpaka baharini ni kilomita 220 hivi kwa njia ya maji, yaani kama Dar hadi Morogoro na ushee. Lakini katika umbali wote huo mto unashuka kama mita 20 tu na hakuna lango hata moja la kupandishia meli, hakuna bwawa, hakuna kizuizi, tishari linatoka Duisburg linatiririka mpaka Uholanzi kama gari kwenye barabara isiyo na mataa. Na jambo la pili ambalo watu hawalitaji sana: mto ni wa bure. Mwaka 1868 nchi za bonde la Rhine zilisaini mkataba pale Mannheim kwamba hakuna kutoza ushuru wa kupita mtoni, meli ya nchi yoyote kati ya hizo inapita. Kabla ya hapo kila mwenye ngome kando ya mto alikuwa na kizuizi chake cha kuchukua hela, kila baada ya kilomita kadhaa unasimama unalipa. Wewe unayejua maana ya lori kusimama kwenye kila mizani na kila kizuizi utaelewa mkataba ule ulikuwa na uzito gani. Nikiulizwa nichague jambo moja lililoijenga Duisburg, nitataja huo mkataba kabla ya tajiri yeyote.

Mji wenyewe ni wa zamani sana, Wavikingi walipanda na mto wakauteka wakakaa majira ya baridi ya 883 kuingia 884. Ulikuwa mji wa wafanyabiashara. Halafu likatokea jambo la huzuni, mto ulihama. Katika karne za 11 na 12 hivi Rhine ilibadili mkondo ikasogea magharibi, mji ukabaki pembeni ya mkono wa mto uliokufa, ukajaa tope, biashara ikaisha na Duisburg ikawa mji mdogo wa wakulima kwa miaka mia kadhaa. Kipindi hicho cha ukimya, mwaka 1552, alihamia fundi wa ramani anaitwa Gerhard Mercator, na hapo hapo mwaka 1569 akatoa ile ramani ya dunia ya mabaharia, ambayo mstari ulionyooka kwenye karatasi unakupa dira ile ile safari nzima. Ndiyo, ni ile ile iliyokuwa ukutani darasani kwetu, inayoonyesha Greenland kama ina ukubwa wa Afrika wakati Afrika inaizidi kama mara 14. Mercator hakufanya kwa nia mbaya, alitengeneza kifaa cha kuendeshea meli, kosa ni la waliokuja kuitumia kufundishia watoto ukubwa wa nchi. Mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiacha, na mimi naiunga mkono kabisa.

Sasa bandari. Pale mdomoni mwa Ruhr kulikuwa na mji mdogo mwingine, Ruhrort, jina lake lina maana ya ncha ya Ruhr, na wao ndo walianza kuchimba bandari mwaka 1716. Mzigo ulikuwa makaa ya mawe. Mpaka 1780 Ruhr ilikuwa imewekewa malango 16 ili mashua za makaa ziweze kushuka kutoka migodini mpaka Rhine. Wafanyabiashara wa Duisburg nao walikuwa wanaumia kuona jirani anatajirika, wakachanga hela wakachimba mfereji wao kuufuata mto uliowakimbia, ukakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1830. Yaani mto ulihama, wakaufuata kwa koleo. Mwaka 1905 miji miwili ikaungana na bandari zake zikawa moja.

Lakini makaa ya juu juu hayawezi kujenga mji wa viwanda. Makaa mazuri, yale ya kuokwa yakawa koki ya kuyeyushia chuma, yalikuwa chini sana kaskazini ya Ruhr, chini ya tabaka la udongo wa chokaa lililojaa maji, ukichimba shimo linafurika. Mfanyabiashara wa Ruhrort anaitwa Franz Haniel alipambana miaka ya 1830 kupenya lile tabaka kwa kutumia pampu za mvuke, alipofanikiwa ndo njia ikafunguka. Reli ikafika Duisburg mwaka 1846. Kuanzia hapo kila kitu kilikutana sehemu moja: makaa yanatoka chini ya ardhi hapo hapo, madini ya chuma yanapanda na mto kutoka nje, na chuma kilichotengenezwa kinashuka na mto huo huo kwenda kuuzwa. Kuna faida kubwa sana chombo kisiporudi kitupu, wewe mwenye malori hili huhitaji kuelezwa.

Aliyeliona hili kuliko wote ni August Thyssen. Alikuwa na mgodi Hamborn, kaskazini ya mji, akaamua kujenga kiwanda cha chuma palepale juu ya makaa yake na karibu na Rhine, chuma cha kwanza kikatoka Bruckhausen Desemba 1891. Hamborn vilikuwa vijiji vya wakulima. Watu wakamiminika, Wapoland, Waitaliano, Waholanzi, watu wa mashariki ya Prussia (dola kubwa ya Kijerumani enzi hizo), na hadi pale Hamborn ilipopewa hadhi ya mji mwaka 1911 ilikuwa imeshapita wakazi 100,000, watu walikuwa wanaiita kijiji kikubwa kuliko vyote Prussia. Ng'ambo ya mto, Rheinhausen, ukoo wa Krupp, matajiri wengine wa chuma, nao wakafungua kiwanda mwaka 1897. Hamborn iliunganishwa na Duisburg 1929.

Vita nitazipita haraka, si kwa sababu hazina uzito. Mji wenye chuma na makaa kila jeshi linautaka: Wafaransa na Wabelgiji waliingia 1921 kudai fidia ya vita ya kwanza. Wakati wa Hitler viwanda hivi vilitengeneza vya vita na vilitumia watu walioletwa kwa nguvu kutoka nchi zilizotekwa, hilo lisifichwe. Oktoba 1944 ndani ya masaa 24 Waingereza walituma ndege karibu 2,000 juu ya mji huu mmoja. Baada ya vita washindi wakaanza kufungua mitambo ya Thyssen wakaiondoa kipande kipande, wakasimama mwishoni mwa 1949 kwa sababu Ulaya ilikuwa inahitaji chuma cha kujijengea. Mwaka 1951 yakatokea mambo mawili ambayo yanauathiri mji hadi leo. Moja, mkataba wa Paris uliounda jumuiya ya makaa na chuma, ambayo ndo mbegu ya Umoja wa Ulaya, wazo likiwa kwamba ukichanganya makaa na chuma cha Mjerumani na Mfaransa kwenye chungu kimoja hakuna anayeweza kutengeneza silaha kimya kimya. La pili, sheria iliyowapa wafanyakazi wa migodi na chuma nusu ya viti kwenye bodi ya usimamizi ya kampuni. Shika hilo la viti, nitalirudia.

Miaka ya 50 na 60 ilikuwa ya neema. Kazi ilizidi watu, ndo Ujerumani ikasaini mkataba na Uturuki Oktoba 1961 kuleta wafanyakazi. Walikuja wakijua ni wa muda, miaka miwili mitatu wakusanye hela warudi kwao, nafikiri Waswahili wa Ulaya tunaijua sana hiyo "miaka miwili mitatu". Wajukuu wao ndo wako Marxloh leo, mtaa wa kaskazini ya mji. Miaka ya 70, baada ya miji jirani ya Homberg, Rheinhausen na Walsum kuingizwa mjini, Duisburg ilikuwa na watu karibu 590,000. Sasa hivi ni kama 500,000. Hiyo tofauti ndo hadithi inayofuata.

Kuanzia 1975 chuma kikaanza kuporomoka. Dunia nzima ilikuwa imejenga viwanda, Japani, baadaye Korea, chuma kikawa kingi kuliko wanunuzi, na makaa ya hapa yalikuwa yanachimbwa chini sana kiasi kwamba yale yanayotoka ng'ambo kwa meli yalikuwa rahisi hata baada ya nauli. Mitambo ikaanza kuzimwa mmoja mmoja. Tanuru la chuma si jiko la gesi ndugu yangu, linawaka mchana na usiku kwa miaka bila kuzimwa, kwa hiyo siku likizimwa kwa ajili ya kufungwa watu wanasimama nje kama kwenye mazishi.

Mkubwa wa yote ulikuwa Rheinhausen, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wazima hapa ukiwatajia wanabadilika sura. Novemba 1987 habari zikavuja kwamba Krupp anafunga kiwanda, kazi za watu zaidi ya 5,000, na miezi michache tu kabla wafanyakazi walikuwa wameshakubali kupunguzwa kwa ahadi kwamba waliobaki watakuwa salama. Wakatoka. Tarehe 10 Desemba wafanyakazi wa chuma mkoa mzima wa Ruhr walifunga barabara na madaraja, waalimu, wachungaji, wenye maduka, wake wa wafanyakazi wakapanga vyakula na ulinzi. Lile daraja la Rhine linaloingia Rheinhausen wakalichukua wakalipa jina jipya, Daraja la Mshikamano, na jina likabaki rasmi, mimi nalivuka nikienda kazini na kwenye ramani limeandikwa hivyo hivyo. Mgomo ulichukua kama siku 160. Hawakushinda kwa maana ya kukiokoa kiwanda, kilifungwa Agosti 1993. Ila walipata miaka mitano ya kupumua, kustaafu mapema, kuhamishiwa viwanda vingine, fidia. Na hapo ndo vile viti vya bodi vinaingia: kwenye chuma ya Ujerumani ni vigumu sana kuamka asubuhi ukaambiwa nenda nyumbani, lazima ukae mezani. Mimi naamini kabisa kama si sheria ile Duisburg ingekuwa imebomoka vibaya zaidi, kama miji mingine ya chuma ya dunia ilivyobaki magofu na watu wamekimbia.

Sasa swali lako, mji wenye kiwanda kilichokufa unakuwaje bandari ya kontena? Jibu ni ardhi. Kiwanda cha Rheinhausen kiliacha kiwanja cha kama hekta 265, tambarare, kando ya Rhine, kina gati lake, kina reli yake, barabara kuu iko karibu. Kampuni ya bandari, ambayo ni mali ya umma, theluthi mbili za mkoa wa Nordrhein-Westfalen na theluthi moja ya jiji, ilikichukua mwishoni mwa miaka ya 90, ikasafisha udongo, ikaweka gati la kontena na kupangisha maghala. Wanaiita logport. Mimi nilianza kazi pale, na wazee wa kazi walikuwa wananionyesha kwa kidole: hapa ilikuwa tanuru, hapa ilikuwa kantini, hapa tulikaa siku zile za mgomo. Kontena lako inawezekana kabisa limepita pale pale.

Ujanja wenyewe hauna maajabu. Rotterdam na Antwerp wamebanwa, nafasi ni ghali, foleni. Wewe unachukua makontena kwa matishari na treni unayasukuma ndani kilomita 220, unayapangua huko kwenye nafasi, halafu ndani ya mwendo wa lori wa masaa machache una mamilioni ya walaji, Wajerumani, Waholanzi, Wabelgiji. Ni bandari kavu kama Kwala au Isaka, isipokuwa hii siyo kavu, ina mto. Duisburg inapitisha kama kontena milioni 4 kwa mwaka, kwa hesabu ile ya kontena za futi 20. Ile sifa ya "kubwa kuliko zote duniani" ichukue kwa uangalifu, kwa Ulaya hakuna ubishi, lakini kuna bandari za mto Yangtze kule China zinazopitisha tani nyingi zaidi, inategemea unapimaje na unaita nini bandari ya ndani.

Tukifika China, najua umesikia habari za treni. Ni kweli, tangu 2011 kuna treni za kawaida kutoka Chongqing mpaka Duisburg, kama kilomita 11,000, siku 14 mpaka 16 zikienda vizuri, wakati meli ni wiki tano sita. Machi 2014 Rais Xi Jinping alikuja hapa mwenyewe kupokea treni. Wakati wa kilele ziliongelewa treni hadi 60 kwa wiki. Watu wanapenda kusema China ndo imeifufua Duisburg, na mimi sikubaliani nao. Mzigo mwingi wa hapa hata siku zile ulikuwa unapita mtoni na kwenye reli za Uholanzi na Ubelgiji, treni ya China ilikuwa sehemu ndogo yenye makelele mengi. Tena ina shida zake za kiufundi: reli za China na za Ulaya zina upana wa milimita 1,435, ila katikati ni Kazakhstan, Urusi na Belarus ambao wanatumia 1,520, kwa hiyo kila kontena linashushwa na kupakiwa treni nyingine mara mbili njiani, sawa na mzigo kutoka reli mpya ya SGR kwenda ile ya zamani ya MGR. Vita ya Ukraine ilipoanza 2022 wenye mizigo wengi waliogopa njia ya Urusi, na mwaka huo huo kampuni ya China ya COSCO ikatoka kimya kimya kwenye mradi wa gati jipya la kontena, lile lililopangwa kujengwa juu ya kisiwa kilichokuwa cha makaa ya mawe. Ujenzi uliendelea bila wao.

Lakini sasa nikuambie ukweli ambao makala za kuisifu bandari haziutaji. Ghala halichukui watu kama kiwanda. Pale ambapo palikuwa na maelfu wenye mshahara mzuri wa chuma, chama cha nguvu, nyumba ya kampuni, leo una maghala yenye dereva wa foklifti, mtu wa kuskani, wengine wako kwa wakala wa ajira kwa mikataba ya muda. Nimekaa nao, nimekula nao chakula cha mchana, najua mishahara yao. Ukosefu wa ajira Duisburg ni karibu mara mbili ya wastani wa Ujerumani. Ukienda Marxloh utaona pande zote mbili: kuna barabara moja, Weseler Straße, ina maduka ya magauni ya harusi yamepangana mlango kwa mlango, watoto na wajukuu wa wale wafanyakazi wa Kituruki ndo wameijenga biashara hiyo, wateja wanakuja hadi kutoka Uholanzi na Ufaransa, Jumamosi mitaa imejaa magari ya mabibi harusi. Msikiti mkubwa wa hapo ulifunguliwa 2008 bila ugomvi ulioonekana miji mingine, maana majirani waliitwa mezani tangu mwanzo. Halafu unakunja kona unakuta jengo lina nyufa, familia za Kibulgaria na Kiromania zimepangishwa vyumba na mwenye nyumba asiyekarabati chochote. Kule Bruckhausen, nyumba kibao zilizokuwa zinatazamana na kiwanda zimebomolewa kuweka mkanda wa miti kati ya watu na vumbi.

Na chuma chenyewe hakijaisha, hapo ndo habari za "mji unakufa" zinakosea. Hii bado ndo sehemu kubwa ya chuma kuliko zote Ulaya. Tanuru la Schwelgern 1 la mwaka 1973, watu wanaliita Jitu Jeusi, lina mwenzake wa 1993 pembeni. Madini yanakuja kwa msafara wa matishari sita yamefungwa pamoja, boti moja nyuma inasukuma, msafara mmoja ni kama tani 16,000, weka kwenye malori ya tani 30 ni zaidi ya malori 500. Simama pale Mühlenweide, Ruhrort, jioni, utaona boti inakuja na mzigo mrefu kuliko uwanja wa mpira, inapinda taratibu na kreni zinawaka taa. Mimi huwa nakwenda tu kuangalia, sichoki.

Shida ya sasa ni moshi. Kuyeyusha chuma kwa koki kunatoa kaboni nyingi mno, na Ulaya inatoza kwa kila tani ya kaboni. Mpango ni kujenga mtambo wa kutoa oksijeni kwenye madini kwa kutumia haidrojeni badala ya koki, tani milioni 2.5 kwa mwaka, na serikali kuu pamoja na mkoa wameweka karibu yuro bilioni 2, Umoja wa Ulaya kule Brussels wakaidhinisha Julai 2023. Wazo ni zuri. Kizuizi ni kwamba haidrojeni safi haipo ya kutosha na iliyopo ni ghali, umeme wa Ujerumani ni ghali, chuma cha China ni cha bei rahisi. Novemba 2024 thyssenkrupp, kampuni iliyorithi viwanda vya Thyssen na Krupp, ilitangaza kupunguza nafasi 11,000 katika 27,000 za kitengo cha chuma mpaka 2030, baadhi kufutwa na baadhi kuhamishiwa nje ya kampuni. Siku ile ilitangazwa nilikuwa kwenye tramu namba 903, inayopita mbele ya kiwanda, na lile behewa lilikuwa kimya kama msiba, watu wanasoma simu zao hakuna anayeongea. Mimi sioni mji ukifa. Naona mji ambao utabaki na chuma kidogo zaidi na mizigo mingi zaidi, na nani atalipwa nini kwenye hiyo mizigo ndo jambo la kupigania, wala hakuna anayelipigania ipasavyo.

Ukipata nafasi ya kuja, usiishie kwenye maghala. Nenda mtaa wa Meiderich, kuna kiwanda cha chuma kilichofungwa 1985, hawakukibomoa. Wakaacha matanuru yasimame, miti ikaota katikati ya vyuma, mwaka 1994 kikawa bustani ya umma isiyo na kiingilio. Unapanda tanuru namba 5 mpaka juu kama mita 70, unaona Rhine na moshi wa viwanda vilivyobaki. Tangi la gesi wamelijaza maji, watu wanajifunza kupiga mbizi humo. Nilimpeleka mama yangu alipokuja kunitembelea, akaniuliza kwa nini hawakuuza chuma chakavu. Nikamwambia waliofanya kazi hapa walitaka wajukuu wao wapaone.

Turudi kwenye invoisi yako. Pale Ruhr inapokutana na Rhine, kilomita 780 ya mto, kuna mnara bapa wa chuma wenye rangi ya machungwa, mita 25, umewekwa 1992. Agosti 2022 nilisimama chini yake nikaona kokoto na vijiwe ambavyo sikuwahi kuviona, watoto wanatembea mahali ambapo kawaida ni maji, na tishari likapita likiwa limeinuka juu mno, ubavu wote mweusi uko nje, maana limebeba nusu. Huko chini Emmerich, karibu na mpaka wa Uholanzi, kipimo cha maji kilishuka mpaka sifuri, namba ya rula tu, siyo kwamba mto ulikauka. Mwaka 2018 ilikuwa hivyo hivyo kuanzia kiangazi hadi Novemba, viwanda vya chuma vikapunguza uzalishaji kwa sababu madini hayafiki. Hesabu yake ni hii: tishari la kawaida ni mita 110 kwa mita 11 na kitu, kila sentimita 10 za kina unazopoteza unaacha zaidi ya tani 100 za mzigo gatini.

Kwa hiyo kampuni za matishari zina jedwali, linafuata kipimo cha maji cha Duisburg-Ruhrort kwa mizigo ya kwenda chini kama wako, na kipimo cha Kaub kwa inayotoka juu zaidi. Maji yakishuka chini ya kiwango fulani unaanza kuchajiwa kwa kila kontena, la futi 20 bei yake, la 40 bei yake, na yakishuka zaidi inapanda ngazi kwa ngazi, mpaka kuna kiwango ambacho mwenye tishari halazimiki tena kubeba mzigo wako, mnaelewana upya. Cha kufanya: muombe wakala wako akupe jedwali lenyewe na tarehe ya kupakiwa, halafu angalia kipimo cha siku hiyo, kinatangazwa bure kwenye tovuti ya serikali ya njia za maji, andika "Pegel Ruhrort" utakipata. Kipimo kisikuchanganye, siyo kina cha mto, ni namba ya rula tu, unachotafuta ni kama inaingia kwenye ngazi waliyokuchaji. Kama tarehe na ngazi vinalingana, lipa bila kinyongo. Kama havilingani, mrudishie invoisi na picha ya ukurasa wa kipimo, hapo hana pa kupita. Na mzigo wako ujao kama hauna haraka epuka kuupakia Agosti mpaka Oktoba, Rhine ndo inakuwa chini, spea ziagizwe zishuke Machi au Aprili maji yakiwa bado yapo.